Taka ya Njiani ni ya Nani?

Mwezi uliopita nilipanda gari la abiria kutoka Mombasa kuja Malindi, safari ambayo kila msomaji wetu wa pwani hii anaijua kituo kwa kituo: Mtwapa, Kikambala, mashamba ya katani ya Vipingo, kisha daraja la Kilifi. Gari liliposimama Kilifi wauzaji wakatuzunguka madirishani kama ilivyo ada yao, huyu na korosho, huyu na machungwa yaliyokwisha kumenywa, huyu na maji baridi ya chupa. Katika kiti cha mbele yangu alikaa ndugu yetu mmoja, mtu wa makamo, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi na mswaki umechomoza katika mfuko wa kifua. Alinunua chupa ya maji. Nikamtazama anavyokunywa, na wallahi nilifurahi. Aliishika chupa kwa mkono wa kulia, akapiga bismillahi, akanywa kwa pumzi tatu, kila pumzi akiiondoa chupa mdomoni, na alipokinai akamhimidi Mola wake kwa sauti ya chini. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Gari likaondoka. Tulipofika Tezo akavuta kioo cha dirisha, akairusha ile chupa nje na maji yaliyobakia ndani yake, bila hata kutazama inakokwenda.

Ilikwenda ikampiga kijana aliyekuwa juu ya baiskeli kando ya barabara, amefunga madumu mawili ya maji nyuma. Niligeuza shingo nikaona baiskeli inalala, dumu moja linabingirika, na maji yanamwagika mchangani. Gari halikusimama. Hapana aliyesema neno, dereva wala makanga wala abiria, na mimi nikiwa mmoja katika hao wasiosema, ingawa nimekaa miaka ishirini nikiwasomesha watu kuamrishana mema na kukatazana maovu.

Ubavuni mwangu alikuwapo mama mmoja wa Kigiriama, mtu mzima wa kunizaa. Tangu Kilifi alikuwa akila machungwa, na kila ganda na kila kokwa akitia katika pindo la leso yake na kufunga fundo. Akaniinamia akaniuliza polepole, "Mwanangu sheikh, nikuulize, nawe usikasirike. Huyu mwenzenu amefundishwa kunywa. Kutupa hakufundishwa?"

Sikuwa na jawabu. Nilitazama chini, na hapo chini ya kiti changu mwenyewe nikayaona maganda ya korosho niliyoyadondosha mimi.

Tuliposhuka Malindi nilimfuata yule bwana, nikamsalimu, nikamweleza kwa upole niliyoyaona. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akanigusa bega, akasema, "Sheikh, barabara si msikiti." Kisha akaingia katika tukutuku akaenda zake.

Maneno hayo mawili, la yule mama na la yule bwana, ndiyo yaliyonifanya niishike kalamu. Kwani yule bwana si mtu mbaya, na lau angekuwa mtu mbaya nisingepoteza wino. Ni mtu wa swala, na huenda akanishinda kwa ibada. Wala hakutupa ile chupa kwa ujeuri. Aliitupa kwa kuamini, kama wanavyoamini wengi wetu, kwamba dini ina mipaka ya mahali: inaingia mdomoni, inaingia msikitini, inaingia jikoni na chumbani, lakini ikifika barabarani inasimama, na toka hapo mtu yuko huru. Mas-ala ninayotaka kuyatazama ni haya: Je, kitu kisichokuwa cha mtu yeyote, kama barabara, au kiti cha matatu ulichokikodi kwa saa mbili, kina haki juu yako?

Ijumaa iliyofuata, baada ya Isha, nililitupa swali hili katika duru yetu ya darsa bila kumtaja mtu. Nilipata majawabu matatu, na vijana wetu ni hodari wa kujadiliana, Mwenyezi Mungu awazidishie.

Wa kwanza alisema kwamba chupa ya plastiki ni tohara, si najisi, na ganda la chungwa vivyo hivyo, basi aliyetupa tohara hakunajisi kitu. Hili halinichukui muda. Mtume (S.A.W.) aliposema kwamba imani ni matawi sabini na kitu, na kwamba lililo chini kabisa katika matawi hayo ni kuondosha udhia njiani, hakusema kuondosha najisi. Alisema udhia. Mwiba ni tohara. Jiwe ni tohara. Na ikiwa kuondosha kilichowekwa na mwingine ni tawi la imani, sijui aliyekiweka tumhesabu amesimama juu ya tawi gani.

Wa pili alisema neno lenye uzito zaidi, nalo ndilo lile la yule bwana kwa sura nyingine. Alisema barabara ni ya serikali, kaunti ina wafagiaji wake na inatoza kodi, basi nikitupa sikumdhulumu mtu, kwa kuwa hapana mwenye mali nitakayemkuta akinidai.

Hapa naomba msomaji anivumilie tuingie kitabuni. Sisi watu wa pwani hii tu wafuasi wa Imamu Shafii, na katika vitabu vya madhehebu yetu hapana kinachotegemewa kuliko Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277. Katika mlango wa diya, Imamu anamtaja mtu aliyetupa takataka na maganda ya tikiti njiani, kisha akaja mpitaji akateleza. Anahukumu kwamba kauli iliyo sahihi ni kuwa mtupaji ana dhamana. Atalipa. Wenye kumsherehesha wakafafanua kwamba hayo ni ikiwa mpitaji hakuyaona, ama aliyeyaona akayakanyaga kwa kusudi, huyo amejitakia. Tazama walivyoipima hata hatua ya mguu! Na kabla yake Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika Ihya yake ameandika fasili nzima ya maovu ya majiani, na humo ameyataja maganda ya tikiti vilevile, pamoja na maji yanayomwagwa hata watu wakateleza. Naona watu wa zamani walipenda sana matikiti. Lakini naona pia kwamba maulamaa hao wakubwa hawakuona haya kuweka ganda la tikiti katika kitabu kimoja na swala na hija.

Basi kwa nini hatukulisikia jambo hili? Nitasema, na wenzangu wasomeshaji wanisamehe, kwani najisema mimi kwanza. Tulipokuwa watoto tulianzishwa Safina, tukahifadhi milango ya maji, ya udhu, ya najisi na namna za kuosha. Kisha Abu Shujaa. Aliyebahatika akafika Minhaj, akasoma robo ya ibada kwa ukamilifu, robo ya biashara kwa haraka, robo ya ndoa kwa hamu, na robo ya nne, ambamo ndimo lilimo ganda la tikiti, wengi wetu hatukuifikia. Walimu walisafiri, au walifariki, au mwanafunzi aliingia katika kutafuta riziki. Hivyo tumetoka watu ambao tunajua kunywa kwa pumzi tatu na hatujui chupa iende wapi. Yule mama wa Kigiriama hakusoma robo hata moja, lakini swali lake lilipiga pale pale penye ufa.

Na sasa turudi kwa mwenye kusema kwamba barabara haina mwenyewe. Mimi nasema kinyume chake, na nataka msomaji alipime neno hili taratibu. Haki ya mtu mmoja ni nyepesi kuliko haki ya watu wote. Ukimwibia jirani yako kuku, unamjua. Siku moyo ukikulainika utabisha hodi, utamlipa, utamwomba radhi, naye atakusamehe au atakutoza, na mambo yatakwisha hapa duniani. Lakini umewakosea wapitaji wa barabara ya Malindi: utawaomba radhi wapi, na majina yao huyajui? Maulamaa wamekubaliana kwamba toba ya haki za waja haitimii illa kwa kumrudishia mwenye haki au kutaka msamaha wake. Kwa hivyo kile tulichokiona ni cha bure kwa sababu hakina mwenyewe, ndicho ghali kuliko vyote, kwa sababu wenyewe ni wengi na hatutawapata. Yule kijana wa Tezo anamdai yule bwana maji ya dumu moja, na pengine maumivu ya uso. Mdaiwa hajui kwamba anadaiwa. Mtume (S.A.W.) amewaeleza masahaba wake habari ya mtu aliyefilisika kweli kweli: ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala na funga na zaka, naye huyu amemtukana, huyu amempiga, huyu amekula mali yake, basi mema yake yakagawiwa wadai mpaka yakamalizika. Nikikumbuka hadithi hiyo, na nikakumbuka jinsi yule bwana alivyomhimidi Mola wake baada ya kunywa, moyo wangu humwonea huruma. Kisha hukumbuka maganda yangu ya korosho.

Na neno lake kwamba barabara si msikiti, tumfahamishe kwa upole kwamba Mtume wetu alipewa mambo ambayo Mitume wengine hawakupewa, na moja katika hayo ni kufanyiwa ardhi yote kuwa mahali pa kusujudu na kitu cha kujitoharishia. Msafiri akipatwa na Adhuhuri baina ya Matsangoni na Gede, ukingoni mwa msitu wa Arabuko Sokoke, husali hapo hapo kando ya lami. Mimi nimesali hapo. Nilisogeza kwanza chupa tano.

Wa tatu katika darsa ndiye aliyenitaabisha zaidi, kwa kuwa ni kijana mwenye akili ya hesabu. Alisema: Sheikh, tuseme ni kosa. Lakini kandokando ya barabara hii, toka Mtwapa mpaka daraja la Sabaki, pana chupa zisizohesabika. Nikiitia yangu hapana kilichozidi, nikiizuia yangu hapana kilichopungua. Jambo lisilobadilisha chochote litakuwaje dhambi?

Kwanza nilimjibu kwa Minhaj ile ile. Kauli ya pili, ile ambayo Imamu Nawawi hakuisahihisha, ndiyo yake kijana huyu hasa: wako waliosema kwamba mtupaji hana dhamana, kwa sababu ada ya watu imekwisha kulisamehe jambo hilo. Kila mtu anatupa, basi hadaiwi mtu. Hoja yako, nilimwambia, ina umri wa mamia ya miaka, ilisikilizwa, na ikashindwa. Hili lilimfurahisha, lakini halikumkinaisha, na kwa haki halikutosha, kwani kumwonyesha mtu kwamba kauli yake ilishindwa si kumwonyesha kwa nini.

Ndipo nikamwuliza kuhusu sanduku la msikiti. Wewe hutia shilingi kumi kila Ijumaa. Shilingi kumi haijengi ukuta, hata nusu ya jiwe haijengi. Ukiitia hapana kilichozidi, usipoitia hapana kilichopungua. Mbona hapo huifanyi hesabu hii? Mbona hapo unaamini, na ni kweli, kwamba kuna Mwenye kuiona kumi yako peke yake, mbali na kumi za wenzako? Qur'ani katika Suratu Zilzala imeufanya uzani mmoja kwa mema na maovu, chembe kwa chembe. Sisi tunataka mizani miwili: wa mema utuhesabie chembe, wa maovu utuhesabie magunia tu.

Akanyamaza. Lakini mimi mwenyewe sikunyamaza, maana niliporudi nyumbani nilifikiri kwamba hata hesabu yake si sahihi, na mfano wake tunao mlangoni. Mto huu wa Sabaki, unaoingia baharini baina ya Malindi na Mambrui, na kuyafanya maji ya pwani yetu kuwa mekundu kila bara inaponyeshewa, haukuzaliwa hapa. Unatoka upande wa Nairobi, huko ukiitwa Athi, ukifika kati ukaitwa Galana, ukitufikia sisi ukaitwa Sabaki. Mto wa Nairobi, unaopita kando ya jaa kubwa la Dandora, humiminika humo. Basi mtu wa Nairobi atupaye chupa mtaroni husema kama alivyosema kijana wetu, kwamba moja haizidishi kitu, na husema ukweli kwa kadiri ya macho yake, kwa sababu mvua ikinyesha mtaro wake huwa safi. Safi kwake. Wavuvi wa Malindi ndio wanaojua zilikokwenda. Kasa wa Watamu huzidhania plastiki zielezo kuwa ni konyeza, huzimeza, na wale wanaowatibu kasa huko wameyatoa mengi matumboni mwao. Sisi watu wa mdomo wa mto tungalipaswa kuwa wa mwisho duniani kusema kwamba kutupa ni kumaliza, kwa maana tumeona kwa macho yetu kwamba neno "kutupa" halina maana nyingine illa kumpelekea mwingine. Na chetu nasi huenda: kusi ikivuma bahari huchukua kuelekea kaskazini, na mwaka 2018 mafundi wa Lamu, fundi Ali Skanda akiwaongoza, waliunda jahazi zima kwa plastiki zilizookotwa, na viatu vya malapa vikapambwa ubavuni, wakaliita Flipflopi, na mapema mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Watu walipiga makofi, na ni haki yao. Mimi nilipoliona nilijiuliza ni malapa mangapi humo yaliyotoka kwetu.

Nitakwenda mbio sasa katika adabu nyinginezo za garini, kwani zote zinatoka katika shina moja. Katika Suratu Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, masikini, jirani wa karibu na jirani wa mbali, kisha akamtaja rafiki aliye ubavuni. Wafasiri wamehitilafiana ni nani huyu. Wako waliosema ni mke. Wengine, na imepokewa hivyo kwa Ibn Abbas, wakasema ni mwenzi wa safari. Basi mtu uliyebanana naye katika matatu kutoka Kilifi hadi Malindi, usiyemjua jina wala kabila wala dini, ametajwa katika aya moja na baba yako na mama yako. Saa mbili tu, lakini ni jirani, na hakika ni jirani wa karibu kuliko yule aliye ng'ambo ya ukuta, kwa kuwa jasho lako linamfikia.

Ukilitia hilo akilini, mengine hayahitaji sherehe ndefu. Anayetafuna muguka na kutema mabaki yake kwa dirisha la mbele ili yarudi kwa dirisha la nyuma, atazame ni nani amekaa nyuma. Anayezungumza kwa simu ya mkononi hata gari zima likajua deni lake na talaka ya dada yake, akumbuke wasia wa Luqman kwa mwanawe juu ya sauti, na mnyama aliyetajwa hapo. Na wenye kufungua kisomo cha Qur'ani kwa kipaza sauti cha simu baina ya watu wanaozungumza, wanaocheka na wanaolala, wakidhani wanafanya daawa, wajue kwamba wanakiweka kitabu kitukufu mahali pasipo na msikilizaji. Hili najua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Na liwaudhi. Anayetandaza magoti hata bibi wa pembeni akakaa nusu ya kiti, naye amelipa nauli kamili, amekula nusu ya nauli yake.

Makanga nao tunawalaumu kila siku kwa kuwasukumiza watu, na wana makosa yao. Kanuni zilizoanza kushikwa Februari 2004, ambazo watu huziita kwa jina la waziri John Michuki, zilitaka kila abiria awe na kiti chake na mkanda wake. Lakini mara ngapi nimeona abiria wenyewe, na gari limejaa, wakisogea ili wa kumi na tano aingie, kwa sababu wa kumi na tano ni binamu yao? Kufanya nafasi katika majilisi kumeamrishwa na Qur'ani. Kufanya nafasi pasipokuwa na nafasi, kwa gharama ya shingo za watu, ni jambo lingine.

Na hapa lazima niseme neno la sheria, ingawa linatutia haya. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, ile mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye miiba na michongoma kama matunda ya shetani ilipungua kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Ile khutba yetu ya udhia njiani tulikuwa tunaisoma miaka yote kabla ya hapo. Haikuondosha hata mfuko mmoja mtini. Askari aliuondosha. Chupa zimebaki kwa sababu katazo lile halikuzigusa, na mahali ambapo chupa nazo zimekatazwa tangu Juni 2020, yaani katika hifadhi za taifa kama zile mbuga za bahari za Malindi na Watamu, tunazitupa nje ya mpaka. Sisemi kwamba kuacha ovu kwa kuogopa faini ni bure. Kijana wa Tezo angalirudi na maji yake kamili, awe aliyezuilika amezuilika kwa kumwogopa Mungu au kwa kumwogopa hakimu. Lakini mwenye kuzuilika kwa hakimu peke yake hutazama kwanza kama hakimu yupo, na barabara ni ndefu.

Limebakia moja, nalo ndilo langu. Kwa nini nilinyamaza ndani ya gari?

Nimejitafutia udhuru mwingi. Nilisema: ugomvi garini ni fitina. Nilisema: kumfedhehi Muislamu mbele ya watu ni haramu. Nilisema: jambo limekwisha kutokea, kumsemesha sasa hakurudishi maji. Kisha nikarudi kwa Imamu Ghazali, nikamkuta amezipanga daraja za kukataza, ya kwanza katika kuzungumza ikiwa ni kumjulisha tu mtu asiyejua, kwa upole, kabla ya mawaidha, kabla ya maneno makali, kabla ya mkono. Kumjulisha! Sikuhitaji kumfedhehi mtu. Nilihitaji kumgusa bega na kumwambia, "Bwana, umempiga mtoto wa watu, tumwombe dereva asimame." Ni maneno manane. Nayo hayakuwa juu ya chupa tena, yalikuwa juu ya kijana aliyeanguka, na hapo udhuru wangu wote unavunjika, kwa sababu kumwinua aliyeanguka hakungoji darsa. Kumfuata bwana yule Malindi, baada ya mwendo mzima, nikampa mawaidha faraghani, kulikuwa ni kuilinda heshima yake na yangu. Ya kijana hatukuilinda sote wawili.

Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, wakapiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Walio chini walipotaka maji iliwalazimu kupita kwa walio juu, wakasema, afadhali tutoboe tundu katika sehemu yetu wenyewe tusiwaudhi wenzetu. Akasema, wakiachwa wafanye walitakalo wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Nilikuwa nikiisomesha hadithi hii kila mwaka, na kila mwaka macho yangu yalikuwa kwa wenye kutoboa. Safari hii niliwatazama wale walio juu. Hadithi haisemi kama walikuwa watu wema. Huenda walikuwa wakisali.

Jumamosi iliyopita nilipanda tena gari nikashuka Tezo, nina bei ya maji ya madumu mawili mkononi, nikaenda mpaka kwenye bomba wanakoteka maji. Palikuwa na vijana wanane au tisa, wote na baiskeli, wote na madumu. Niliwaamkia, nikawauliza ni nani kati yao aliyepigwa kwa chupa kutoka garini akaanguka, mwezi uliopita. Walitazamana. Kisha mmoja akaniuliza, "Siku gani, sheikh?" na mwingine akasema ni yeye, na wa tatu akasema hapana, yeye, na mdogo wao wote akanyanyua shati akanionyesha kovu kwenye kiwiko.